Mzee wa Damu ya Pili

Watu wa Korogwe walimpa majina mengi, mengine hayaandikiki. Pale hospitalini tulimwita Mzee wa Maabara. Kina mama wa kliniki yangu walimwita Mzee wa Damu ya Pili, kwa sababu ukishampa damu leo, ujue baada ya wiki mbili tatu atakuita tena umpe nyingine. Siku moja alipita kwenye benchi lao akalisikia hilo jina. Akasimama, akawatazama mmoja mmoja, akasema, "Sawa. Na asiyeleta ya pili, ile ya kwanza naimwaga, atajua mwenyewe." Uongo mtupu. Tangu nimfahamu hakuwahi kumwaga damu ya mtu kabla ya wakati wake.

Mimi ni nesi wa kliniki ya wajawazito. Chumba changu na maabara yake vilitenganishwa na ukuta wenye kidirisha cha kupitishia sampuli, na kwenye kidirisha hicho tuligombana miaka na miaka. Mimi Mzigua wa Handeni, yeye Msambaa wa Kwashemshi. Mimi kazi bila maneno haiendi, yeye ukimsemesha akiwa kazini anakufungia dirisha usoni. Alizaliwa lini na babu yake alikuwa nani, sikumuuliza na wala hakusema. Nilimjua kwa mikono yake, mikubwa kama ya mtu aliyezoea jembe, ambayo ikishika kale kabomba ka kudondoshea majimaji haitikisiki hata kidogo.

Namkumbuka kwa mengi, lakini zaidi kwa ajili ya Mwanahamisi, muuza vitumbua wa pale getini kwetu. Mwanahamisi alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Ya tatu ilipokaa, tukafurahi geti zima, mpaka walinzi. Kisha akapata homa na vipele, na kipimo cha damu kikasema huenda ni rubela. Nitafika huko. Kwanza lazima mjue huyu Mzee alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hamtanielewa.

Rubela yenyewe ukiiona kwa mtoto utaidharau. Vipele kidogo, kahoma kidogo, baada ya siku chache mtoto yuko uwanjani anapiga chandimu. Lakini ikimkuta mama mwenye mimba changa, inampita mama inakwenda kwa aliyemo tumboni. Mtoto anaweza kuzaliwa haoni, au hasikii, au moyo una tundu. Dawa haina. Chanjo ipo, ila sisi wengi ilikuja tumeshakuwa watu wazima. Kwa hiyo mjamzito akija na vipele, tunatazama kingamwili kwenye damu yake, yaani kinga ambayo mwili unajitengenezea ukipigana na ugonjwa. Kuna kingamwili zinazotangulia, hizo zikionekana maana yake ugonjwa ni wa juzi juzi. Na kuna za kudumu, ambazo utakuwa nazo mpaka unazeeka.

Basi Mzee alikuwa na ugomvi na kile kipimo cha kingamwili za mwanzo. Alikuwa akisema kipimo hicho ni shahidi mwoga, ukimkaripia kidogo anakubali kila kitu. Mtu ana homa nyingine kabisa, kipimo kinasema rubela. Mtu viungo vinamuuma, rubela. "Sista," alikuwa akiniambia, "hapa mtu anaambiwa mtoto wake atakuwa kipofu kwa sababu ya joto la chumba."

Hilo la joto alikuwa halitanii. Mashine ya kusomea kipimo hicho tuliachiwa na mradi fulani wa utafiti. Mradi ukaondoka, mashine ikabaki, na Mzee akaipenda kuliko hata wenyewe walioileta. Damu tulikuwa tunapeleka Dar kama taratibu zinavyotaka, lakini yeye alikuwa anapima na hapa pia, kisha analinganisha. Kwenye maelekezo ya vitendanishi, zile dawa za kupimia, kulikuwa kumeandikwa uiache sahani ya kupimia katika joto la kawaida la chumba. Akanisomea dirishani, kisha akauliza, "Chumba cha nani?"

"Mzee, chumba ni chumba."

"Thubutu! Aliyeandika hapa amevaa sweta. Chumba changu mimi mwezi wa kwanza ukiacha samli inakuwa mchuzi."

Kiyoyozi kilikuwa kimekufa kabla hata mimi sijahamia. Mzee akatundika kipimajoto ukutani, akaanza kuangalia, akagundua kwamba majibu ya wasiwasi yanakuja kwa wingi kiangazi. Tangu hapo kipimo cha rubela akawa anakifanya alfajiri tu. Alikuwa anatoka msikitini anakuja moja kwa moja, kanzu anaitundika nyuma ya mlango, anavaa koti jeupe, na sisi wengine tukiingia tunamkuta ameshamaliza, amekaa nje anakula vitumbua. Kiyoyozi kilipokuja kutengenezwa, baada ya kelele zake nyingi, hakuacha kuja alfajiri. Alisema ameshazoea na isitoshe ndiyo saa ambayo mimi sijafika.

Na vitumbua vyenyewe, loo! Hakuna mteja aliyemsumbua Mwanahamisi kama yeye. Kila asubuhi ana neno.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mama. Hiki cha leo upande mmoja kibichi."

"Mzee, jiko la mkaa hilo. Vya katikati vinawahi, vya pembeni vinachelewa. Ndiyo maana nazungusha chuma."

"Afadhali wewe. Langu mimi vya pembeni ndivyo vinavyowahi."

Mwanahamisi akadhani Mzee naye anapika vitumbua kwake. Ilibidi Mzee amwite dirishani amwonyeshe ile sahani ya kupimia, ambayo ina vishimo vidogo vidogo kwa mistari, utadhani chuma cha vitumbua cha sisimizi. Vishimo vya pembeni vinapata joto haraka kuliko vya katikati, kwa hiyo damu ile ile ukiiweka pembeni inaweza kutoa jibu kali kuliko ukiiweka katikati. Mzee kila damu alikuwa anaiweka kote kuwili, kisha hakubali jibu mpaka vishimo vyote viwili viseme lugha moja. Mwanahamisi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa mwanamke wa kucheka sana, na ndiyo maana ile siku aliyokuja kliniki kimya nilijua kuna jambo.

Lakini ngoja nimalize habari ya urea, maana bila urea hakuna kisa.

Kingamwili za kudumu nazo zina mambo yake. Ukizikuta, huwezi kujua ni za utotoni au za mwezi uliopita. Mzee akasoma mahali, akawasiliana na wenzake wa Dar, akajifunza kwamba zinaweza kuoshwa. Alinieleza kwa nguo, maana mimi nafua. Utomvu wa mgomba ukikudondokea leo na ukauwahi kwa maji, unatoka. Ukikaa mwaka, fua mpaka vidole vichubuke, doa liko pale pale. Kingamwili mpya nazo hazijashika vizuri, ukiziosha kwa maji yenye urea zinaachia. Za zamani hazibanduki. Kwa hiyo ukiosha ukaona zimebaki, mtu huyo aliugua zamani, na mimba yake haina habari.

Basi akaagiza urea. Afisa manunuzi wetu, kijana mchapakazi sana, akaenda akaleta. Nikasikia gari linarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwa maabara. Wakashusha mfuko mzima wa mbolea ya kukuzia mahindi.

"Mzee si uliandika urea? Urea hiyo hapo."

Mzee aliuzunguka ule mfuko kimya. Mimi nikajua leo mtu anapigwa. Kumbe anajizuia kucheka. Alicheka mpaka akakalia ule mfuko, machozi yanamtoka, anasema, "Amekosea wapi? Nani anaweza kusema amekosea?" Ile safi ya maabara ikaja baadaye, kachupa kadogo tu, nayo mbolea tukagawana. Mahindi yangu mwaka ule yalinawiri mpaka majirani wakaniuliza nimekwenda kwa mganga gani.

Hakuianza kwa wagonjwa. Alituomba damu sisi wafanyakazi tulioumwa rubela utotoni, akaomba na ya watoto waliotoka kuugua, wazazi wao wakakubali, akawa anaosha na kulinganisha, anaosha na kulinganisha. Sampuli zile zile alipeleka Dar wazipime bila kuwaambia yeye amepata nini. Majibu yakirudi yamefanana na yake anapiga meza kwa kiganja. Yasipofanana hasemi na mtu siku nzima.

Sasa mtu kama huyo, aliyeishi katikati ya damu, utadhani alikuwa na moyo mgumu. Weee! Mzee wa Maabara alikuwa anaogopa sindano. Kumchoma mwingine hana shida, mtoto halii. Kuchomwa yeye, ni vituko. Hilo tulilijua Handeni, kule nyikani kwa wafugaji, watoto walipopata vipele tukatumwa kuchukua damu.

Mzee wa boma alitupokea vizuri, maziwa tukanywa. Tulipotoa sindano, hali ikabadilika.

"Damu ya watoto wangu mnaipeleka wapi?"

"Maabara, Korogwe," akajibu Mzee.

"Mkishapima?"

"Nailaza kwenye friza."

"Unailaza! Kwa nini unailaza kama si ya kuuza?"

Kina mama wakaanza kurudi nyuma na watoto wao. Nikasikia mmoja anasema mumiani, mnyonya damu za watu, na mnajua neno hilo likishatamkwa mahali, afadhali uwashe gari. Lakini Mzee akakunja mkono wa shati, akaninyooshea mkono mbele ya boma zima. "Nichukue mimi kwanza, Sista. Waone ni kiasi gani."

Nikamfunga mpira, nikatafuta mshipa. Naona uso wake unageuka rangi. Jasho likamtoka puani. Damu ilipoingia tu kwenye bomba, akaipiga jicho kwa bahati mbaya, akaenda chini taratibu, mzima mzima, kwenye vumbi. Nilichanganyikiwa. Boma zima likapiga kelele, kisha yule mzee wa boma akaanza kucheka, akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Huyu hapana mumiani," akasema. "Mumiani gani anaanguka kwa kuona damu yake mwenyewe?" Wakammwagia maji, wakampa maziwa mengine, na kina mama wakapanga foleni.

Tuliporudi kule kuchukua damu ya pili, alibeba zile za kwanza kwenye kiboksi cha barafu, akawaonyesha moja moja na majina yake. Hii ya fulani, hii ya fulani, haijaenda sokoni. Ndivyo alivyofanya kwa kila mtu hata mjini. Na kulikuwa na sababu nyingine ya kutozimwaga. Alitaka damu ya kwanza na ya pili zipimwe sahani moja, asubuhi moja, mkono mmoja, ili kama kuna kosa lizikute zote mbili.

Alikuwa mkali, sikatai. Daktari akipiga simu kuuliza majibu, anajibiwa, "Yako jikoni." Akipiga tena, "Bado mabichi." Mimi mwenyewe kuna wiki hatukusalimiana kwa sababu nilimwambia "harakisha kidogo." Halafu mtu huyo huyo, mama akitoka pale analia, utamkuta amemfuata mpaka kwenye kituo cha boda, amesimama naye juani na lile koti jeupe, anamweleza upya jambo lile lile, polepole, mpaka mama anatikisa kichwa kwamba ameelewa.

Haya. Mwanahamisi.

Alikuja kwangu na homa na vipele kifuani, mimba ikiwa bado changa. Nikamchukua damu. Kingamwili za kudumu hakuwa nazo hata kidogo, maana yake rubela hakuwahi kuiugua. Zile za mwanzo zikaonekana, kwa mbali, hafifu. Mzee akaandika kwamba jibu halina uhakika, iletwe damu ya pili. Daktari akamweleza Mwanahamisi kwa upole yanayoweza kuwa. Yeye hakusikia neno uhakika wala neno pili. Alisikia kipofu na kiziwi. Alikunja meza yake pale getini, mumewe yuko safari na lori, akapanda gari kwenda kwa mama yake Magoma.

Damu ya pili ikachukuliwa kule kule, kwenye zahanati, ikaletwa kwenye barafu. Mzee akaipanga na ile ya kwanza sahani moja. Matokeo yakatoka wazi kuliko nilivyotaka. Ya kwanza, kingamwili za kudumu hakuna. Ya pili, zimejaa tele. Mtu ambaye hakuwa nazo, baada ya wiki chache anazo. Kwa kitabu chochote utakachofungua, hiyo ndiyo rubela, na imempata mimba ikiwa pale pale inapoharibu. Daktari alisoma, akavua miwani. Mimi nilikwenda chumba cha mashuka nikalia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje yule dada mcheshi kwamba na hii tena.

Niliporudi, kidirisha kilikuwa kimefungwa. Nikagonga. Hakufungua. Nikajua anaosha.

Kilipofunguliwa, Mzee alikuwa na uso wa mtu aliyekuta kuku wake kwenye banda la jirani. "Sista, hazitoki."

"Nini hazitoki?"

"Hizi kingamwili za damu ya pili. Nimeosha, nimerudia, zimeng'ang'ania. Hizi ni za miaka. Wiki chache haziwezi kushika hivi. Mwenye damu hii aliugua rubela akiwa mtoto. Na mwenye damu ya kwanza utotoni hakuiugua kabisa. Hawa ni watu wawili."

"Mzee, jina ni moja. Mwanahamisi na Mwanahamisi."

"Jina sijalipima."

Akapima kundi la damu kwenye mabaki. Ya kwanza kundi lingine, ya pili kundi lingine. Akavua koti. Mtu huyu ambaye kumtoa maabara kwenda kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake ilikuwa kesi, alisimama akasema, "Twende Magoma."

Tulimkuta Mwanahamisi amelala ndani, amekonda. Mama yake akatutandikia mkeka barazani. Mdogo wake, Zaina, alikuwa anachambua maharage, na tulipokaa tu akayaacha maharage akawa anachambua upindo wa kanga yake.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," akasema Mzee. "Ile damu ya zahanati, alitoa nani?"

Kuku akapita, akafukuzwa. Kisha Zaina akasema kwa sauti ndogo, "Mimi."

"Kwa nini?"

"Dada alikuwa anatapika, hawezi hata kukaa. Na anaogopa. Alisema hataki tena kusikia neno lolote kutoka hospitali. Sasa mimi nikaona mkikosa damu mtamfuata, mtazidi kumtisha. Nikaenda nikasema mimi ndiye Mwanahamisi." Akainua uso. "Kwani kuna tofauti gani, Mzee? Baba mmoja, mama mmoja, tumenyonya ziwa moja. Damu yetu si ile ile?"

Mama yake naye akaitikia kwamba ndiyo, hawa damu yao moja. Nikamtazama Mzee nikisubiri bomu. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari kulipuka. Lakini yeye alikaa tu pale mkekani, akachukua maharage mawili ungoni, akayapima kiganjani.

"Undugu uko kwenye damu, sikatai," akasema. "Lakini kuugua kila mtu anaugua kwake. Wewe Zaina uliwahi kupata vipele ukiwa shule?"

"Darasa la pili. Nilikuwa nakaa kwa shangazi Mazinde. Darasa zima tulipata."

"Na dada yako alikuwa wapi?"

"Huku kwa mama. Yeye hakupata."

"Ahaa," akasema Mzee, na kile kiganja chake kikapiga goti, paa! Ni mara ya kwanza namwona akipiga kitu kisicho meza.

Tukaingia ndani. Mwanahamisi hakugeuka. Mzee akakaa kwenye kigoda, akamweleza yote, polepole, kisha akasema anaomba damu yake mwenyewe, na kama hataki ataondoka na hatamlaumu. Kisha Mwanahamisi akatoa mkono chini ya shuka.

"Mzee, niambie ukweli. Mtoto wangu atasikia?"

"Nitakwambia nikishapima."

Nikachukua damu. Mzee alitazama dirishani muda wote kana kwamba ndiye anayechomwa, na hata katika huzuni ile nilimwona Mwanahamisi anataka kutabasamu.

Kesho yake alfajiri nilifika kabla yake. Alishangaa kunikuta mlangoni, lakini hakunisema. Nilikaa ndani kwa mara ya kwanza, kwa masharti kwamba nisifungue mdomo, na sikuufungua, Mungu ni shahidi. Akapanga zile damu mbili, ya kwanza na hii mpya, pembeni na katikati. Akasubiri. Sahani ilipotakiwa kugeuka rangi, vishimo vya Mwanahamisi vilibaki vyeupe. Kingamwili za kudumu hakuna, na kama angekuwa ameugua, kwa muda ule zingekuwapo. Zile hafifu za mwanzo nazo zimetoweka. Ile haikuwa rubela. Ni homa nyingine tu, na yule shahidi mwoga alikuwa amekubali kosa lisilo lake. Nilimkumbatia Mzee, kofia ikamdondoka, naye akasema niondoke kabla sijagusa kitu.

Alirudi Magoma mwenyewe kumwambia, nami nikamfuata. "Rubela haikumgusa mtoto wako," alisema. "Lakini kinga huna. Kwa hiyo mpaka ujifungue, kaa mbali na watoto wenye vipele, na pale getini kwetu wanapita wengi. Ukishajifungua utachanjwa." Mwanahamisi akalia, mama yake akapiga vigelegele, na Zaina akauliza sasa vitumbua nani atauza. Wote tukamgeukia yeye. "Hapo sasa," Mzee akasema, "hapo damu moja inafaa." Zaina aliuza vitumbua miezi yote iliyobaki, na Mzee alilalamika kila asubuhi kwamba ana mkono mzito wa iliki.

Mimi niliona jambo moja ambalo Mwanahamisi naye aliliona, tukaliongea baadaye. Mzee aliulizwa kama mtoto atasikia, akajibu kuhusu rubela. Kusema "atasikia" hakusema.

Mimba ilipokuwa kubwa, Mzee akastaafu. Tulimfanyia sherehe, akala, akakataa kuhutubia, akaondoka zake Kwashemshi. Mtoto alizaliwa salama, msichana, Rehema, akalia kwa sauti ya kuamsha wodi. Nilimpigia simu Mzee siku ile ile. Nikampigia tena mtoto alipoanza kugeuka akiitwa, na tena alipoanza kusema. Kila mara alijibu, "Alhamdulillahi, Sista," na kukata. Hakuja kumwona. Ukimwalika anasema migomba imemzidi. Mwanahamisi ilimuuma kidogo, akawa anasema labda Mzee hatujali tena.

Mwaka huu, Rehema akiwa ameshaanza chekechea, tukaambiana, mimi na Mwanahamisi, basi, mlima usipokuja, tutaupanda. Tukamchukua mtoto tukaenda Kwashemshi bila kutoa taarifa. Mzee alikuwa uani kwake. Amezeeka, mgongo umepinda, lakini ile mikono bado. Nikamsalimu kwa Kisambaa chake, "Onga mshi," Mwanahamisi akapiga goti, "Shikamoo Mzee." Hakutujibu sawasawa. Macho yake yalikuwa kwa Rehema, ambaye alishatupita mbio, amechuchumaa kule mwisho wa uwanja, ametupa mgongo, anaangalia vifaranga.

Mzee akaweka kidole mdomoni. Tukanyamaza. Akapiga hatua kadhaa za kizee, akasimama mbali na mtoto, nyuma yake kabisa, mahali ambapo hata kivuli chake hakikufika. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, ambayo mimi niliyesimama ubavuni mwake niliisikia kwa shida:

"Nani anataka muwa?"

Rehema akageuka kama aliyechomwa. "Mimi, babu!"

Mzee akakaa chini pale pale, kwenye udongo. Akafuta macho kwa kiganja, yakajaa tena, akaacha kuyafuta.

"Mzee," nikamwambia, "si nilikupigia simu? Nilikwambia mtoto anasikia vizuri. Mara ngapi nimekwambia?"

"Uliniambia, Sista. Uliniambia. Nilikuwa naogopa tu kuja."

Mwanahamisi alimwendea, akapiga magoti, akamshika ile mikono yote miwili. Rehema naye alikuwa na lake. Alikuja akasimama mbele ya Mzee, akanyoosha kiganja.

"Babu, muwa uko wapi?"

Hakuwa na muwa. Shamba zima la migomba, muwa hata mmoja hakuna. Ikabidi Mzee ainuke, ajipanguse udongo, aanze kupita nyumba hadi nyumba akiwaomba majirani, na Rehema anamfuata nyuma akimuuliza maswali, naye anayajibu yote.